Kopo Juu ya Jibini

Mtu akimkosea mama mkwe wake heshima, mtaa mzima utamsema. Akimheshimu kupita kiasi, mpaka ashindwe kumwambia kwamba pindo la gauni lake limeshika moto, hakuna atakayemsema, ingawa mama wa watu ataungua vile vile. Bwana Kuku alikuwa wa kundi hili la pili. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni wala kumwambia neno moja kwa moja, na mama mkwe naye alimrudishia heshima kwa kipimo kile kile. Hawakuwa na ugomvi wowote. Walikuwa na adabu tu, imejaa nyumba nzima hata pa kupitisha mguu hakuna.

Jina la Bwana Kuku lilitoka huko huko ukweni. Siku ya kwenda kujitambulisha alibeba zawadi ya kuku kwenye kikapu. Safari ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na yeye, kwa kuogopa kuku asije akamtoroka njiani akaumbuka, alikifunika kikapu kwa shuka zito na kulikaza kwa kamba. Alipofika na kufunua mbele ya wazee, kuku alikuwa ameshakata roho. Wazee wakatazama dari. Aliyesema alikuwa mama wa binti, tena kwa upole: kama mtu hajui kutunza kuku mmoja kwa safari moja, mwanangu atamtunza vipi? Ndoa ilifungwa, maana binti alishaamua, na binti yule akishaamua hata mvua husubiri. Lakini neno lilibaki. Mashemeji wakamwita Bwana Kuku, jina likahama naye mpaka mtaani, na wateja wasiojua chanzo chake walikuwa wakiingia dukani kuulizia mayai. Hakuuza mayai. Aliuza kila kitu isipokuwa mayai, na sababu alikuwa nazo.

Duka lenyewe lilikuwa kwenye kona, chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, mizani, na rafu za unga, maharage, majani ya chai, mafuta na sabuni. Nyuma lilining'inia pazia lililotenganisha biashara na sebule. Fahari ya duka ilikuwa friji ya kioo aliyoipata kwa mtu aliyefunga hoteli yake. Ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena, na taa yake ya ndani ilikuwa na tabia ya kupepesa pale pale mteja anapochagua. Bwana Kuku aliifuta kioo kila asubuhi kwa gazeti. Juu alipanga maziwa, siagi na soda, na chini kabisa palikuwa na droo moja pana ambayo baridi yake haikuyumba hata watoto wa shule wafungue mlango mara ngapi.

Ndani ya droo hiyo kulikuwa na kopo la mama mkwe. Alihamia kwao magoti yalipoanza kumsumbua, akaja na begi moja na kopo la dawa ya kuchua, dawa ya kijani yenye kafuri na mnanaa, ambayo ikifunguliwa sebuleni aliyeko uani anapiga chafya. Yeye aliamini kwamba dawa ile ikiwa ya baridi ndiyo inayoyaweza magoti, kwa hiyo aliiweka kwenye droo ya friji, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, pakawa pake. Isidhaniwe kwamba alikaa bure. Maharage yote ya duka yalipita mikononi mwake kuchambuliwa, na Bwana Kuku akienda kuchukua bidhaa, yeye ndiye aliyesimama kaunta. Alimjua kila mteja anayeminya mkate asiokuwa na nia ya kuununua.

Mkalimani wa nyumba hii alikuwa mke. "Mwambie mama chai iko tayari," Bwana Kuku angesema, na mama mwenyewe amekaa hapo hapo, goti kwa goti. "Mwambie mumeo nimesikia," mama angejibu. Mke katikati aliendelea kula, hakuwa akifikisha chochote, maana ujumbe ulikuwa umeshafika. Sasa ikatokea wifi yake akajifungua pacha, naye ikabidi asafiri kwenda kumsaidia. Siku ya kuondoka aliwatazama wote wawili, akasema akirudi atakuta moja kati ya mambo mawili: ama wanaongea, ama wamekufa njaa.

Hawakufa njaa, na hawakuongea. Walimpata Karani. Karani alikuwa paka wa dukani, mnene, mwenye shavu moja jeupe, ambaye ofisi yake ilikuwa pembeni ya mizani. Bwana Kuku angemwambia Karani kwamba sukari ya kupima imekwisha, na kutoka nyuma ya pazia mama mkwe angemwambia Karani amweleze mwenye duka atazame chini ya kaunta, atazame kwa macho, siyo kwa mdomo. Karani alipokea barua zote hizo akiwa amefumba macho, na kazi ilikwenda vizuri tu.

Ndipo alipoingia Mama Maziwa.

Mama Maziwa alifuga ng'ombe nje ya mji na kutengeneza jibini kwa mikono yake, mikono mikubwa, na alivaa mabuti ya mpira hata sokoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wanyama. Jibini yake ilitafutwa na mahoteli, lakini yeye alitaka duka moja dogo la mtaani ambalo mtu wa kawaida anaweza kuingia na kukatiwa kipande. Alikuwa ameshajaribu maduka mawili. La kwanza liliiweka kwenye friza mpaka ikawa ikiguswa inamomonyoka kama chaki. La pili liliipanga dirishani ipendeze wapita njia, jua likaipiga, ikatoa mafuta, na mwenye duka akawa anaipangusa kwa kitambaa kile kile cha kaunta. Mama Maziwa aliibeba jibini yake akatoka bila kuaga.

Bwana Kuku alikuwa amemtumia salamu siku nyingi. Faida ilikuwepo, na hakuikataa, lakini siyo iliyomkosesha usingizi. Alitaka kitu kinachoharibika upesi kikae mikononi mwake, kisiharibike, na mama mkwe wake akione. Basi. Hakumwambia mtu jambo hili, hata mkewe, ingawa mkewe alilijua.

Mama Maziwa aliitua jibini juu ya kaunta, mviringo mmoja mzito wenye ganda la rangi ya mkate, na masharti akayatoa amesimama. Ikae kwenye baridi lakini isigande. Ikae chini, kwenye droo, maana rafu za juu hupigwa na joto kila mtu anapochungulia. Ivikwe karatasi ya nta, na karatasi ibadilishwe kila inapokatwa. Ikikaa uchi itakauka na kupasuka, na kwenye nailoni ya kubana itatoa jasho. Iwe na kisu chake na ubao wake, visivyowahi kugusa nyama mbichi, na anayeikata anawe mikono. Ukungu ukiota juu usikwanguliwe, ukatwe pamoja na kilicho chini yake kwa upana wa kidole gumba, kwa sababu hii ni jibini ngumu na inasamehe. Ingekuwa ya laini ingetupwa yote bila majadiliano. Na mwisho, ikae peke yake.

"Jibini ina pua kuliko mimi na wewe," alisema. "Ukiilaza na kitunguu, asubuhi utaamsha kitunguu."

Kisha akamwona Karani. Aliuliza huyu hapa ana kazi gani. Bwana Kuku nusura aseme kwamba huyo ndiye anayeongea na mama mkwe wangu, akalimeza, akasema panya. Mama Maziwa akajibu kwamba dawa ya panya dukani ni kuziba matundu, na mahali chakula kinapokatwa manyoya hayana nafasi. Paka nje. Angerudi wiki ijayo, siku kama ile. Akiikuta jibini kama alivyoiacha, Bwana Kuku atakuwa mtu wake, na kila wiki ataletewa. Asipoikuta hivyo, atakuwa wa tatu kumharibia, na wa nne hatamtafuta mtaa huu.

Basi matundu yakazibwa, na Karani akatolewa kwa heshima zote akiwa amebebwa mikono miwili. Alikaa kizingitini akitazama ndani, na mteja aliyetaka kupita ilibidi amruke. Bwana Kuku akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaifunga jibini kwenye karatasi yake, akavuta droo. Kopo likamtazama.

Hapo ndipo alipogundua kwamba amemfukuza tarishi kabla ya kutuma barua. Alimpigia simu mkewe. Upande wa pili pacha walikuwa wakilia kwa zamu, na mke, baada ya kusikiliza habari ndefu ya droo na kafuri, alisema tu, "Si umwambie mwenyewe? Ana masikio." Simu ikakatika. Bwana Kuku akaenda kusimama mbele ya pazia, akajikohoza. Akajikohoza tena, mara hii kwa maana kamili. Baada ya kitambo mkono ukatokea chini ya pazia, ukaweka juu ya kigoda kikombe cha maji ya moto yenye asali, ukarudi. Akayanywa yote, afanyeje.

Akaona bora afanye kiutu uzima. Alilitoa kopo taratibu, akalisimamisha kwenye rafu nyuma ya majani ya chai, mahali pa heshima, mbali na sabuni. Jibini ikalala peke yake. Mchana alikwenda kuchukua mafuta, aliporudi akavuta droo, na kopo lilikuwa limerudi kwake. Akalitoa. Kesho yake likawa limerudi. Droo ile ilikuwa chini na ilikuwa nzito, na kila alipoivuta Bwana Kuku aliinama, mkono mmoja kiunoni, jicho moja kwenye pazia, kama mtu anayeiba kwake mwenyewe. Alilihamishia nyuma ya unga, likarudi. Alilihamishia dirishani, kwenye kivuli, likarudi. Hakuna aliyesema neno. Aliona wazi kwamba anapimwa.

Na hayakuwa hayo tu. Siku hizo hizo alikuta mtu ameweka mto kwenye kiti chake cha kaunta, yeye ambaye tangu afungue duka alikalia ubao. Gunia la unga lilipoletwa na mkokoteni, alitoka kulibeba kama kawaida yake, akamkuta mama mkwe ameshamwamuru mwenye mkokoteni aliingize mwenyewe mpaka ndani. Bwana Kuku alisimama mlangoni mikono mitupu, mbele ya watu. Ilimuuma. Alijiambia kwamba kumbe hata gunia haaminiwi nalo, litamfia njiani kama kuku.

Katikati ya wiki fundi cherehani wa jirani alikuja kununua uzi wa kufungia, pua imeziba na sauti imekauka. Bwana Kuku, ambaye alikuwa na hamu ya kusikia sifa, alimkatia kipande chembamba aonje. Fundi alitafuna, akasimama, akavuta pumzi ndefu, akavuta nyingine. Machozi yalimtoka. Akasema jibini ni nzuri sana, imemfungua pua zote mbili. Kabla ya jioni kinyozi naye alikuja kuulizia ile jibini ya mafua, akataka kujua kama ipo ya maji, ya kunywa kwa kijiko.

Bwana Kuku alisubiri kinyozi atoke, akaenda kwenye droo. Kopo lilikuwa juu ya jibini kabisa, limekalishwa katikati kama taji, na kifuniko chake kilikuwa kimelegezwa. Siyo kwamba kililegea. Kilikuwa kimelegezwa na mkono wa mtu. Aliinusa jibini na kichwa kikamwamka. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji inayonguruma, akaona safari ile ya kikapu inarudi vile vile, shuka, kamba, jua na yote. Tofauti ni kwamba mara hii kuku alikuwa wa kuchinjwa kwa makusudi.

Hasira ilimpanda, kusema kweli. Alinyanyuka akaelekea kwenye pazia na maneno yameshakaa mdomoni, yote, kuanzia ya siku ya kujitambulisha. Pazia lilikuwa wazi kidogo. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, akijichua magoti kwa mikono mikavu, bila dawa. Bwana Kuku akarudi kinyumenyume. Aliibadilisha jibini karatasi, akalifunga kopo likalia, akaliweka tena nyuma ya majani ya chai. Aliporudi kulitazama baadaye, lilikuwa drooni.

Siku ya Mama Maziwa ilifika kama zinavyofika siku zote za mtihani, mapema kuliko inavyotakiwa. Bwana Kuku alikuwa ameipeleka jibini rafu ya juu ikapigwe upepo kidogo, akaona itaanza kutoa jasho kwa watoto wanaofungua mlango kutafuta soda, akairudisha chini. Alikuwa amebadilisha karatasi mpaka karatasi zimebaki chache. Gari dogo lilisimama nje, mabuti yakasikika, na Karani akarukwa. Mama mkwe, aliyekuwa kaunta akipima maharage, hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa pale pale.

Mama Maziwa hakuanza na jibini. Alitazama matundu, yameziba. Aliinua kisu akakitazama kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ubao, pakavu na safi. Alitoa kipimajoto chake mfukoni, akakilaza kwenye droo, akasubiri huku akitazama ukuta, akakisoma na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kila alipotikisa, Bwana Kuku alipata pumzi moja. Kisha akaichukua jibini, akafungua karatasi, akaisogeza puani.

Taa ya friji ikapepesa.

"Mmeipaka nini?" aliuliza.

Bwana Kuku alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda hatua chache kutoka kwake, limeshika kibaba cha maharage. Kulisema mbele ya mgeni ilikuwa sawa na kumwaibisha mama wa mkewe. Kutolisema ilikuwa kuipoteza jibini, na pamoja na jibini lile neno moja la sifa aliloliwinda miaka yote. Alitazama chini. Akasema ni yeye, ni uzembe wake, hakuangalia vizuri kilichokaa pembeni.

Mama mkwe aliweka kibaba chini. Kwa mazoea aligeukia mizani. "Karani," alianza, "mwambie huyu mama..." Lakini pembeni ya mizani hapakuwa na mtu. Karani alikuwa kizingitini akijilamba mguu, hana habari na kazi za watu. Mama mkwe akatazama mizani, akatazama mlango, mwishowe akamtazama Mama Maziwa.

"Asikudanganye," alisema. "Dawa ni yangu. Niliiacha wazi kwa ajili ya mgongo wake."

"Mgongo gani?" Bwana Kuku aliuliza, na swali lilikuwa limeshatoka kabla hajakumbuka anamuuliza nani.

"Mgongo wako."

"Mama, mgongo wangu hauna kitu."

"Hauna kitu? Wiki nzima nakuona umeinama hapo umeshika kiuno, unatoa dawa unaenda kujificha nayo. Nikasema mtoto wa watu anaumwa, anaona haya kuomba. Kila ukiisahau huko kwenye rafu nakurudishia, isipate joto. Nikaona kifuniko kinakushinda, nikakulegezea."

"Nilikuwa naitoa isikae na jibini."

"Sasa si ungesema?"

"Ningesemaje? Wewe ni mkwe wangu."

"Na wakwe hawana masikio?"

Mto ule wa kwenye kiti ukamjia Bwana Kuku akilini, na gunia, na maji ya asali, kimoja kimoja, vyote vikigeuka upande wa pili. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona hata mbele ya kikapu. Mama mkwe naye alikuwa amejifuta uso kwa ncha ya mtandio, na haikujulikana anafuta nini.

Mama Maziwa alikuwa amewasikiliza wote wawili kama anavyosikiliza ng'ombe wake kabla ya kukama. Alinawa mikono, akachukua kisu, akaikata jibini upande uliolaliwa na kopo, kipande kinene, kisha kingine, akavitia kwenye pipa la taka na kuonya kwamba hata paka asipewe. Akakata kutoka katikati. Alitafuna muda mrefu. Bwana Kuku alitazama taya lile likienda na kurudi, na kwa mara ya kwanza maishani akajua kuku alijisikiaje ndani ya kikapu.

"Katikati haijaguswa," Mama Maziwa alisema. "Haijakauka, haijatoa jasho, ukungu hakuna. Nimeona jibini zikiharibiwa na uvivu, na jua, na kitambaa cha kaunta. Iliyoharibiwa na adabu ndiyo kwanza naiona leo."

Alisema hiki kilichobaki hakiuzwi, wakile nyumbani, wao na majirani zao wenye mafua. Akatoka kwenda kwenye gari. Walisikia mlango wa gari ukifunguliwa na hawakujua anaondoka au vipi, na katika kungoja huko wakajikuta wametazamana, wakageuzia macho pembeni kwa pamoja. Mama Maziwa akarudi na mviringo mwingine. Aliutua kaunta na kusema kwamba atapita tena wiki ijayo, na kila wiki, ila kwa masharti matatu: kopo litafutiwe mahali pake, paka abaki nje, na mwenye neno alipeleke kwa mwenye masikio. Kisha akamruka Karani, akaenda zake.

Kazi ilikuwepo, lakini midomo haikujua ianzie wapi. Mama mkwe alivuta droo, akatoa kopo lake, akalipeleka sebuleni mwenyewe akichechemea, akarudi kwenye kigoda na ungo wa maharage. Bwana Kuku alinawa mikono, akaifunga jibini mpya kwenye karatasi ya nta, akakunja kingo moja baada ya nyingine, polepole, kuliko ilivyohitajika. Akafungua friji, akainama, na safari hii akaangalia mkono wake usije ukashika kiuno.

"Baba," mama mkwe alisema.

Bwana Kuku aligeuka kutazama mlangoni, akidhani kuna mzee ameingia. Hapakuwa na mtu, ila Karani.

"Nakuita wewe. Yule kuku alikuwa mzee."

Hakuelewa, au alielewa na hakuamini. Alibaki ameinama vile vile, jibini mikononi.

"Niliitazama miguu yake. Hata angefika mzima, usiku ule asingeumaliza." Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa pembeni. "Nililijua siku ile ile. Ila sikutaka kumtoa mwanangu aolewe, na sababu sikuwa nayo. Wewe mtu mzuri, adabu unayo, kazi unayo. Nikatafuta sababu nikakosa. Nikamwona kuku."

Bwana Kuku alinyooka. Machozi yalimlenga, akayaacha yashuke. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama mkwe wake usoni bila kugeuzia macho pembeni, akaona kumbe ana macho ya mkewe, yale yale, na pembeni yana mikunjo ya kucheka.

"Ndiyo, mama," alisema.

"Haya, funga friji," mama mkwe alisema. "Baridi inatoka."